Nilimvunja Shemeji Mkono kwa Ajili ya Rangi ya Sebule

Kosa ni langu. Naanzia hapo kwa makusudi, maana nimesoma maungamo mengi ya wenzangu na naona wengi huanza na shetani, wengine na pombe, wengine na mama mkwe. Mimi siku hiyo sikuwa nimeonja hata togwa. Shetani namwacha apumzike. Nilimvunja mkono mdogo wake mke wangu kwa bomba la chuma, sebuleni kwangu, saa tisa mchana, kwa sababu ya rangi ya ukuta.

Ndiyo, rangi! Cheka kwanza, nakuruhusu. Hata mimi ningesimuliwa hivi juu ya mtu mwingine ningecheka, halafu ningeandika makala.

Maana kazi yangu ndiyo hiyo. Nina miaka hamsini na mbili. Nilisoma chuo kikuu, nikafundisha sekondari, na sasa naandika makala za magazeti na kupokea heshima ambayo hailiki. Hapa Karatu wananiita Mwalimu. Kati ya makala zangu, tatu zinawakemea wanaume wanaopiga watu nyumbani mwao. Tatu, jamani! Moja ilisomwa kanisani kwetu, na mimi nikainamisha kichwa kama mtakatifu anayesubiri kuchongewa sanamu.

Majina nitakayotumia si ya kweli. Mke wangu nitamwita Mama Deo. Mdogo wake, ambaye ni fundi rangi, nitamwita Amnaay. Sote ni Wairaqw, watu wa mahindi na mbaazi, na nyumba yetu iko kilimani, juu kidogo ya barabara inayokwenda Ngorongoro.

Yalianza mwezi wa pili mwaka huu. Tuliamua kupaka rangi upya sebule yetu. Ilikuwa na bluu ya zamani, ile inayoondoka na mgongo wa mgeni akiegemea. Tulikubaliana bluu iondoke. Baada ya hapo hatukukubaliana tena juu ya kitu chochote.

Mimi nilitaka nyekundu ya udongo. Kuna hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta, ambako huniita mara mbili kwa mwezi kuwaeleza wageni mila zetu. Sebule yao ina ukuta wa rangi hiyo, nyekundu iliyokolea kama shamba lililolimwa baada ya mvua. Wageni wakiingia humo wanashusha sauti. Mimi nawaambia kwamba mababu zetu walichimba nyumba zao ndani ya kilima, paa likawa sawa na ardhi, adui akapita juu bila kujua. Wageni wanapiga picha ukuta. Jioni nikirudi nyumbani naiona bluu yangu, naona nimewasaliti mababu.

Mke wangu alitaka nyeupe ya maziwa.

"Baba Deo," aliniuliza, "hiyo nyumba ya ardhini unayowahadithia Wazungu, wewe umelala humo siku ngapi?"

Mimi nilizaliwa kwenye nyumba ya bati. Baba yangu alikuwa katekista.

"Mimi nimelala humo miaka kumi na minne," alisema. "Ng'ombe upande huu, sisi upande huu, moshi katikati. Nilisomea kibatari, machozi yananitoka kila mstari. Bibi yangu alikufa haoni. Nikaapa siku nikipata nyumba yangu nitakaa kwenye mwanga mpaka unichoshe. Sasa wewe unataka kunirudisha kule, tena kwa rangi ya dukani!"

"Ni urithi wetu, Mama Deo."

"Urithi wa nani? Wewe umeurithia hotelini."

Mwanaume mwenye akili ya kumtosha kuvuka barabara angekubali hapo hapo. Mimi nilikwenda dukani.

Mwenye duka la rangi ni mzee mmoja wa Kiislamu, mcheshi, ameuza rangi mjini Karatu tangu tukiwa na nywele. Alinisikiliza akichezea tasbihi.

"Mwalimu, usibishane dukani," alisema. "Chukua kopo dogo la hii na kopo dogo la hii. Kapake kila moja ukubwa wa sinia, mkae nazo wiki mbili. Rangi ni kama mchumba, haijibiwi siku ya kwanza."

"Na tukishindwa kukubaliana?"

"Mtakubaliana na mama. Miaka yote hii sijamwona mwanaume aliyeshinda vita ya rangi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Neno "vita" ndilo nililoondoka nalo.

Nikapaka mabaka mawili ukutani, kushoto kwa dirisha nyekundu, kulia nyeupe. Kisha, kama msomi, nikaanza utafiti. Nilikuwa na daftari! Asubuhi, ukungu wa Karatu ukiwa umelala dirishani, nyeupe ilikuwa baridi kama sahani isiyo na chakula, na nyekundu ilikuwa kama mtu aliyekoka moto. Mchana mambo yaligeuka. Nyeupe iliamka, ikalivuta jua la nje mpaka chini ya meza, ukaona hata herufi za gazeti lililoanguka. Nyekundu nayo ilikunja uso. Taa ikiwashwa, nyekundu iliinywa, sebule ikabaki na mwanga wa kumtosha mtu mmoja mwenye siri.

Haya yote niliyaandika. Niliyoandika kwa kalamu nzito ni yale ya asubuhi tu.

Kila mgeni aliyepita aliulizwa anachagua ipi. Mke wangu naye hakukaa kimya. Aliyechagua nyeupe alipewa chai ya maziwa na andazi. Aliyechagua nyekundu alipewa chai kavu, na andazi likakumbukwa wakati ameshaaga. Baada ya wiki moja jirani zangu wote walikuwa watu wa nyeupe.

Nawaeleza haya ya kuchekesha ili mjue ghadhabu haikuingia nyumbani kwangu ikiwa imevaa ngozi ya chui. Iliingia inacheka, ikavutiwa kiti.

Asubuhi moja nikakuta baka langu limekwaruzwa kwa kisu, mistari mitatu mirefu, kama uso uliopigwa makucha. Sikuuliza. Nilichovya brashi kwenye nyekundu nikaipiga nyeupe yake, kulia na kushoto, mpaka mkono ukauma. Yeye akaja akaosha kwa maji na gunzi, nyekundu ikachuruzika ukutani hadi sakafuni. Ungeingia ungedhani tumechinja.

"Unaona?" aliniambia akinyooshea kidole ile michirizi. "Rangi yako hata ikioshwa inafanana na damu."

Nilinyanyua kigoda nikakirusha. Sikumrushia yeye! Hilo nililisema haraka, nikalirudia. Kigoda kilipasua kioo cha kabati, vikombe vya harusi yetu vikamwagika vipande vipande. Mke wangu alikuwa peku katikati ya vigae, hasogei.

"Umemaliza," akauliza, "au kuna kitu kingine humu ndani kinachokuudhi kwa weupe wake?"

Nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya maji, nikapiga ngumi nguzo ya banda la kuku mpaka ngozi ya vidole ikachunika. Huku nikijipongeza. Miaka ishirini na saba ya ndoa, sijawahi kumwinulia mke wangu mkono! Nilijivunia hilo kama mtu anayejivunia kwamba hajawahi kuiba ng'ombe wa jirani, wakati jirani anamsikia kila siku akinoa panga.

Tukaacha kusemeshana.

Amnaay alikuja mwezi wa nne, kabla ya mvua kukolea. Yeye ni mrefu, mwembamba, wa miaka thelathini na mbili, fundi ambaye hoteli za huku hugombea mikono yake. Anapaka kona bila kubandika karatasi ya kuzuia rangi, mstari unanyooka kama uzi. Kabla msimu wa watalii haujaanza ndio wakati wa mafundi, na alikuwa ameahidiwa kazi kubwa ya maisha yake: kupaka vyumba vyote vya hoteli moja upande wa Rhotia, imalizike kabla ya mwezi wa sita. Alitaka kununua pikipiki, aoe. Kwetu alikuja kutupa siku tatu, za udugu.

Mimi na yeye ni mashemeji, na utani wetu haukuwa na mlango. Siku alipoleta ngazi na ndoo zake nilimwambia:

"Shemeji, ukiweka nyeupe kwenye ukuta huu nitakuvunja mkono."

"Vunja wa kushoto," alisema akicheka. "Wa kulia una kazi ya hoteli."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Wewe mwenyewe hujui kuvunja hata yai, dada ndiye anakukaangia."

Tulicheka wote. Nilimwonyesha kopo langu la nyekundu, akasema ameliona. Sikumuuliza dada yake amemwambia nini, kwa sababu kuuliza kungekuwa ni kukiri kwamba mke wangu ana sauti katika jambo hili.

Jumanne nilikwenda hotelini kule ukingoni. Mvua ilikuwa inanyesha, na wageni niliotakiwa kuzungumza nao walikuwa wameshuka kreta kutafuta faru. Nilikaa kwenye chumba cha wafanyakazi nikisubiri watu ambao hawakunihitaji. Saa saba nikaomba lifti kwenye gari la mboga lililokuwa linarudi Karatu, tupu, linanuka kabichi. Dereva ananifahamu.

"Mwalimu, pole," alisema kabla hatujafika hata getini.

"Pole ya nini?"

"Mama amekushinda! Asubuhi nimeshusha magunia kwa jirani yako, madirisha yenu yako wazi, sebule nyeupe pee, kama kanisa la Pasaka! Nikasema leo Mwalimu atakula nje."

Akapiga usukani akicheka. Kutoka pale hadi kwangu si mbali, lakini ilitosha. Kila kona ya ule mteremko nilikuwa namuona Amnaay akicheka na dada yake, wananipakia nyumba yangu wakati mimi nawasubiri Wazungu. Niliona jirani zangu wote na chai zao za maziwa. Nilipofika nilikuwa nimeshahukumu kesi, nimeshakataa rufaa.

Nilipanda kilima matope mekundu yakinishika viatu. Mlango ulikuwa wazi, redio inaimba kwaya. Amnaay alikuwa juu ya ngazi, amenipa mgongo, anapaka sehemu ya karibu na dari. Chini ya hapo ukuta wote ulikuwa mweupe.

Sikubisha hodi kwangu mwenyewe. Niliipiga ngazi teke.

Alianguka na trei ya rangi, akatua kwa kiuno, rangi ikatapakaa sakafuni. Akadhani ngazi imeteleza. Alianza kucheka, Mungu wangu, alianza kucheka! "Shemeji, karibu, umenikuta nimeruka..." Nami nikaokota bomba la rola, lile refu la chuma la kufikia juu, nikampiga nalo begani.

Kicheko kikakatika.

"Shemeji, ngoja! Hii ni ya chini! Ni ya chini tu! Nyekundu yako ile pale kwenye ndoo! Dada kasema nikupakie ya kwako!"

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo sababu naandika bila jina.

Nilimsikia. Kwaya ilikuwa imemaliza wimbo mmoja, haijaanza mwingine. Nilisikia kila neno. Niligeuza hata kichwa, nikaiona ile ndoo, kubwa, imefunikwa, mfuniko umepakwa dole la nyekundu ya udongo kama mafundi wanavyoweka alama. Nikaelewa. Bluu ya zamani ukiipaka nyekundu moja kwa moja inakuwa rangi ya ini, kila fundi anajua, kwa hiyo huanza na nyeupe ili nyekundu itoke safi. Msomi mzima sikulijua hilo, lakini akili yangu haikuhitaji kufundishwa mara mbili. Nilielewa kabisa. Nilikuwa na nafasi ya kuliweka bomba chini, nipige magoti, niombe radhi kwa pigo moja.

Nikampiga tena.

Aliinua mkono wa kulia kujikinga. Bomba likampata kati ya kiwiko na kifundo. Ulitoa mlio wa bua kavu. Mkono ukapinda mahali ambapo mkono haupindi, na mfupa ukachungulia. Damu ilidondoka kwenye rangi iliyomwagika, nikaiona ikigeuka kuwa waridi, na mimi, mtafiti, nikasimama nikiiangalia.

Hakupiga yowe. Alisema tu, taratibu, "Mama yangu."

Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba, akaja mbio. Alinipita kama mtu anavyopita kisiki. Akavua kanga yake akaufunga ule mkono, akamwita jirani mwenye gari. Mimi nikapanda nyuma, hakuna aliyeniambia nipande wala nishuke.

Hospitalini walimpasua, wakamtia chuma ndani ya mkono. Daktari alituambia mfupa utaunga, ila kuna mshipa wa fahamu umeumia na hawezi kuahidi vidole. Tulikuwa kwenye benchi la nje. Mke wangu alikuwa na rangi nyeupe hadi kwenye nyusi.

"Nilimwambia akupakie nyekundu," alisema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku nyingi. "Jumapili nilimwambia. Nimechoka kugombania ukuta. Nilitaka urudi uikute."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tulikuwa tunasemeshana?"

Nikaanza kukwangua matope mekundu viatuni.

"Na yeye hakukwambia?" akauliza. "Amnaay hana ulimi? Hakukwambia kwamba ni ya kwako?"

"Sikusikia," nilisema. "Redio ilikuwa juu."

Ona jinsi uongo ulivyo na adabu! Ulikuja wenyewe, umeshavaa, umeshafunga vifungo. Mke wangu alifunika uso akalia, na katika kulia kule nilisikia ahueni kidogo: mume wake ni mjinga, basi, si muuaji.

Kesi haikwenda polisi. Wazee wa pande mbili walitaka tuimalize nyumbani kwa mama mkwe, Endabash. Mama mkwe wangu husali kila Jumapili, lakini kuna ya zamani ambayo hajayaacha. Kwake, mtu aliyemwaga damu ya ndugu haingii nyumba ya mtu mpaka wazee wamtakase. Nilipofika kwenye uzio wa minyaa aliinua fimbo.

"Hapo hapo, Baba Deo. Usivuke. Kaa kwenye jiwe."

Nikakaa kwenye jiwe. Wazee walikuwa ndani, mlangoni, wakaniuliza maswali kwa sauti kana kwamba niko ng'ambo ya bonde. Mvua ikaanza, hakuna aliyeniletea hata mfuko wa plastiki wa kujifunika kichwa. Mtu ambaye huwaeleza watalii mila za mababu zake akiwa mbele ya moto wa kuni na glasi ya juisi! Mila zenyewe siku hiyo ziliniona, zikanitambua, zikaniacha nilowe.

Mzee mmoja, kipofu wa jicho moja lakini si wa masikio, akauliza lile swali.

"Mwalimu! Umesema pigo la kwanza lilitokana na kutojua. Sawa. Kati ya la kwanza na la pili, kijana hakusema neno?"

Nilifungua mdomo, mvua ikaingia. Niliwaona wote wakinitazama, mke wangu ameshika mwimo wa mlango. Amnaay alikuwa kwenye kigoda, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuandika.

"Nilisema, mzee," akajibu yeye. "Lakini hakunisikia. Redio ilikuwa juu."

Sikuwa nimemwambia habari ya redio. Dada yake ndiye aliyemwambia, na yeye akauchukua uongo wangu akaubeba kama wake.

Wazee wakaamua nitoe kondoo wa kutakasa, tusameheane, na nilime shamba la Amnaay mpaka mkono wake upone. Kondoo alichinjwa, nikaruhusiwa kuvuka uzio. Mama mkwe akanipa maji ya kunawa. Watu wakasema yamekwisha.

Mkono haukupona. Vidole viwili havikunji. Kazi ya hoteli walipewa mafundi wengine kutoka Arusha, hoteli haiwezi kuwaambia wageni wasubiri mfupa. Pikipiki hakuna. Yule binti wa Mbulu aliyekuwa anamsubiri ameacha kupiga simu. Amnaay alijaribu kupaka kwa kushoto ukuta wa choo cha mjomba wake, mstari ukapinda, akauangalia, akaosha brashi, akaiweka juu ya kabati.

Na sebule yangu iko vile vile, nyeupe ya chini, nusu nusu, bluu inachungulia karibu na dari. Nilimwuliza mke wangu nitafute fundi aimalize kwa nyeupe, kama alivyotaka.

"Sitaki nyeupe iliyopatikana hivyo," alisema. "Na nyekundu ulishaimwaga."

Basi nikalima. Mikono hii iliyozoea kalamu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Amnaay hukaa kwenye tuta na kunisimamia.

"Shemeji, huo mstari umepinda kama makala zako."

"Makala zangu ulizisoma lini?"

"Ile ya kupiga watu nyumbani. Nilisoma wodini. Ni nzuri sana. Unaandika kama mtu anayejua."

Mwezi uliopita, tukiwa tumepumzika, niliweka jembe chini. Nikamwambia, "Amnaay, siku ile nilikusikia."

"Najua," alisema. "Uligeuka ukaangalia ndoo."

"Kwa nini uliwaambia wazee vile?"

"Ningesema ukweli, dada angerudi nyumbani siku ile ile na nguo zake kwenye gunia. Ana miaka arobaini na tisa, shemeji. Nyumba ile ameijenga na yeye." Akaung'oa unyasi, akautafuna. "Nilidhani utamwambia mwenyewe baada ya wiki. Nikasubiri. Sasa ni miezi. Mimi nimechoka kukubebea, na mkono nilionao ni mmoja."

Nilikaa na maneno hayo siku kumi na nne. Sisemi hivyo kwa fahari.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, tulikuwa shambani kwetu tunachuma mbaazi. Nikamwambia mke wangu yote: kimya cha redio, ndoo, mfuniko, pigo la pili. Nilisema haraka, nikiogopa kupata mahali pazuri pa kukomea.

Hakupiga kelele. Aliumaliza mti aliokuwa anauchuma, ganda kwa ganda. Kisha akauliza bila kunitazama:

"Lile la pili. Ulikuwa unampiga Amnaay, au ulikuwa unanipiga mimi?"

Jamani! Nimesoma, nimefundisha, nimeandika, na sijawahi kuulizwa swali lililonyooka kiasi hicho.

"Wewe," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akazifunga mbaazi zake kwenye kanga, akashuka barabarani, akapanda gari la Endabash kwa mama yake. Leo ni siku ya tano. Simu yake inaita na haipokewi. Amnaay peke yake ndiye aliyenitumia ujumbe: nisiende kulima wiki hii, nisionekane.

Sijui kama atarudi, na sioni kwa haki gani ningeomba arudi. Sijaandika ili mniombee kwake. Ukisoma haya, Mama Deo, ujue sijaongeza wala kupunguza.

Nawaandikia ninyi wenzangu, wanaume wapole, wasomi, mnaojisifu kwamba hamjawahi kumgusa mke kwa ubaya. Kaeni siku moja muangalie mnapiga nini badala yake, na nani anasimama hapo akipokea. Mnaobishana juu ya rangi, juu ya paa, juu ya jina la mtoto, bishaneni, hakuna aliyekufa kwa kubishana. Lakini mtu akikwambia "ngoja," ngoja! Weka chini ulichoshika. Weka chini hata kama umeshapiga mara moja. Hasa kama umeshapiga mara moja.